Nyuzi za Vidole Vifupi

Jumapili, 27 Oktoba 2024

Leo nimeaibika kanisani. Waumini hawakugundua, au wamejitia hawakugundua, lakini mimi nilisikia na Lwakatare alisikia. Wimbo wa matoleo. Kwenye kinanda changu mkono wa kushoto unatakiwa ushike do ya chini na do ya juu kwa pamoja. Kwa pamoja! Mkono wangu haujawahi kufika huko tangu nizaliwe. Gumba likishika juu, kidole cha mwisho kinabaki kinaning'inia. Basi nikafanya ninavyofanya siku zote — nagonga ya chini, naruka, nagonga ya juu. Kwenye wimbo wa taratibu inapendeza hata, watu wanadhani ni mapambo. Kwenye huu wa leo, wenye mwendo wa kukimbia, nilichelewa, na waimba bezi wote wakachelewa nami.

Lwakatare ndiye mwalimu wetu mpya wa kwaya. Kijana mzuri, ana shahada, na vidole vyake vinaanzia hapa mtaani kwetu Kahororo vinaishia mtaa wa Kashai. Baada ya misa akaniambia kwa heshima zote kwamba kuna mazoezi ya kunyoosha vidole, yapo YouTube, atanitumia. Nikasema asante. Nina miaka hamsini na mbili! Vidole vyangu vimeshamaliza kukua.

Nimerudi nyumbani nikaviangalia. Vifupi, vinene, kucha pana. Ni vidole vya Tata, baba yangu, vyote kumi, hakuna aliyechanganya chake humo. Kaka yangu Joackim hakuvipata, yeye alichukua mikono ya upande wa mama, mirefu.

Nimemkumbuka Tata siku nzima. Yeye na nanga yake, ala ya muziki ya kwetu — ubao wake mrefu aliouchimba mwenyewe, na uzi mmoja unaokwenda na kurudi kutoka jino hadi jino mpaka unakuwa nyuzi saba. Yale meno aliyachonga karibu karibu, kwa kipimo cha mkono wake. Kwa hiyo na kipimo cha wangu. Kwenye kinanda naruka. Kwenye gitaa la shuleni nilishindwa kabisa, wanafunzi walinicheka. Kwenye nanga ya Tata sikuruka kamwe. Chombo kimoja tu duniani ambacho mkono wangu ulikitosha.

Jumatano, 30 Oktoba

Joackim amepiga simu. Misa ya mwaka mmoja wa Tata ni tarehe 23 Novemba, nyumbani Ijumbi. Padri amekubali. Turubai atalipata. Halafu akasema, kama mtu anayeficha zawadi mgongoni: ile nanga imetengenezwa.

Nilipiga kelele jikoni! Tangu Tata afariki ilikuwa imeegemea ukuta chumbani kwa Mama, uzi umeoza, panya wameanza kuiangalia kwa jicho baya. Ni ya Joackim, hilo halina mjadala — ndiye musika, mrithi, alikalishwa mbele ya ukoo na kila kitu. Lakini ya kwake ni mali. Kupiga ni kwangu. Hakusema nani atapiga siku hiyo na mimi sikuuliza. Nani mwingine anajua?

Nimekata kucha.

Jumamosi, 2 Novemba

Leo ni siku ya Marehemu Wote. Nimekwenda Ijumbi, tumesali kaburini, Mama amepanda maua mapya. Miguu inamsumbua lakini ulimi uko salama. Ameniambia nimenenepa, akaniambia nile.

Sasa hili la nanga. Sijui niliandike vipi.

Joackim aliileta sebuleni imefungwa kwenye kitenge. Uzi mpya, nailoni nene ya wavuvi, aliitoa kisiwani Goziba alikoweka mitumbwi yake. Ubao umesuguliwa unang'aa. Nikakaa kwenye mkeka, nikaiweka mapajani, nikafumba macho. Nikashusha vidole.

Vikaangukia hewani. Kweli kabisa — uzi wa kwanza nimeupata, wa pili haupo. Nikafumbua macho. Meno yote ni mapya! Yamepanuliwa kutoka ukingo hadi ukingo. Ya Tata hayapo, yamepigwa randa, mahali pake ni laini kama shavu la mtoto. Nikajaribu tena. Ni kinanda cha kanisani kimekuja kunifuata mpaka kwa baba yangu.

Na Joackim amesimama, mikono nyuma, anatabasamu! Nikamuuliza umefanya nini. Akasema, "Nimeifanya inikubali na mimi, dada." Halafu akaichukua, akakaa, akapiga kidogo. Mwanzo wa wimbo wa Tata. Taratibu, kwa woga, lakini ndio wenyewe. Vidole vyake virefu vimekaa kila kimoja mahali pake. Sijawahi kuiona mikono ile ikifanya kitu kwa upole namna hiyo.

Nikasema nzuri. Nikasema nina safari. Nimelia kuanzia Ijumbi mpaka Muleba mjini, nimevaa miwani ya jua na mvua inanyesha.

Jumapili, 3 Novemba

Sikwenda kupiga kinanda. Nimesema naumwa mkono. Si uongo sana.

Alhamisi, 7 Novemba

Shamsia amenipeleka kwa fundi aliyeitengeneza nanga. Shamsia ni jirani yangu na tunafundisha pamoja, na huyo fundi, mzee Zahoro, ni baba yake mdogo. Ana kibanda nyuma ya soko, amezungukwa na magitaa yasiyo na shingo. Nilikwenda kugomba. Nilikuwa nimepanga maneno tangu juzi.

Hakugombeka. Alitukaribisha kahawa, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwalimu, mie nilimwambia mwenye chombo aweke mkono. Chombo hupimwa kwa mkono wa anayekipiga. Kwani yale meno ya mwanzo yalipimwa kwa mkono wa nani?"

Nikasema wa baba yangu.

"Basi na yeye alifanya hivyo hivyo."

Nikauliza kama yanaweza kurudishwa. Akatikisa kichwa — ule mti ni mzee, ukichongwa tena pale kichwani utapasuka. Nikauliza kama anaweza kunitengenezea nyingine. Anaweza. Lakini nyingine ya nini? Tata hajawahi kuigusa.

Tulipokuwa tunaaga, mzee akasema bila kukusudia lolote kwamba yule kaka yangu ni mtu wa bidii sana. Kila akitoka Goziba alikuwa anapitia hapo, anakaa kwenye benchi, ananuka dagaa, anajifunza. Alimweleza kwamba marehemu baba yake alimwambia utotoni kuwa mikono yake ni ya kuvuta nyavu. Mzee Zahoro alicheka alipokuwa anasimulia. Shamsia naye alicheka. Mimi sikuweza.

Njiani Shamsia akaniambia ninanuna kama bibi harusi aliyeletewa bwana siye. Nimemwambia aniache.

Jumanne, 12 Novemba

Senene zimeshuka! Mji mzima umekuwa kichaa. Watoto wa shule hawafundishiki, wote wana chupa mifukoni. Nimenunua za kutosha kukaanga, nimezitoa mabawa nikiwa peke yangu barazani, na kazi hiyo ya vidole ikanirudisha nyumbani moja kwa moja.

Ilikuwa msimu kama huu. Nilikuwa darasa la pili, Joackim anajiandaa kwenda seminari ndogo. Tata alimwita amfundishe nanga, maana mtoto wa kiume wa nyumba ile lazima aijue. Akaiweka mapajani mwake. Joackim akagusa uzi mmoja, zikalia mbili. Akajaribu tena, zikalia tatu. Vidole vyake havikuwa na pa kukaa. Tata akacheka mpaka akakohoa, akasema hayo ya nyavu, halafu kwa utani tu akaichukua akanipakatisha mimi. "Mbwenu, haya sasa, na huyu tumwone!" Nikashika. Vikakaa! Mama akaacha kutoa mabawa. Shangazi alikuwepo, akasema nanga haipigwi na mtu wa gauni, Tata akamwambia mbona amekaa anasikiliza.

Toka siku hiyo ilikuwa mimi na yeye. Kila jioni, Mama anamenya ndizi, moshi unatoka jikoni unazunguka migomba, na Tata ananishika kidole kimoja kimoja anakiweka. Nimeishi na jioni zile maisha yangu yote. Nikiwa na huzuni naingia humo.

Lakini leo, senene mkononi, nimejiuliza kwa mara ya kwanza: Joackim alikwenda wapi siku ile? Namwona anainuka mkekani. Simwoni akirudi. Sikumbuki kabisa. Hata chakula cha usiku — simwoni.

Na wimbo. Tata alikuwa na wimbo mmoja ambao ni wake. Alipokuwa kijana alibeba kahawa ya watu kwa miguu mpaka Bukoba, akauza, akarudi. Kipande cha kwanza ni Kwenda: kinatembea, kina vumbi, kinafurahisha. Harusini alipiga hicho tu, maana watu wakishakunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, wanataka kucheza. Cha pili ni Kurudi. Hicho kiko chini chini, vidole vinakaa karibu vinanong'onezana, na sauti inaimba jina la kila mlima mpaka unaona moshi wa kwenu. Hicho alikipiga nyumbani tu, jioni. Sisi watatu, yeye, mimi na Mama. Joackim alikuwa seminari, halafu Mwanza, halafu ziwani.

Jumapili, 17 Novemba

Nimerudi kanisani. Lwakatare amenipa karatasi mpya ya ule wimbo wa matoleo. Ameandika upya mkono wa kushoto, hakuna do mbili za pamoja. Alinipa tu, akaenda kupanga soprano. Nilijisikia kama mtu aliyekatiwa nyama vipande vidogo sahanini. Nimepiga. Imetoka vizuri, hilo nalo limeniudhi.

Saa nane mchana Joackim amenitumia sauti kwa WhatsApp. Ni nanga. Kwenda yote, kuanzia anapofunga mzigo mpaka anapoliona ziwa. Amekosea mahali pachache, potelea mbali, amekipata. Mwishoni anasema kwa sauti ya mtoto aliyefaulu mtihani: "Dada, nimeumaliza wimbo wa Tata! Wote!"

Wote.

Hajui. Sikuwahi kufikiria kwamba hajui! Alisikia harusini tu, kama wageni. Mtoto wa kwanza wa nyumba, na wimbo wa nyumba anaujua kama wageni.

Nimesikiliza mara nyingi. Nimeandika jibu nikafuta. Nimeandika nikafuta. Mwisho nikamtumia kidole gumba. Cha manjano, kifupi.

Jumanne, 19 Novemba

Nijiulize vizuri, hapa ambapo hakuna anayenisikia.

Nikimwambia, atataka nimfundishe. Ana haki. Atajifunza kwa siku chache, ana bidii ya punda yule. Halafu atakuwa na nanga, na Kwenda, na Kurudi, na mikono inayofika. Mimi nitabaki na nini? Siwezi hata kukipiga tena. Nyuzi zile haziniruhusu.

Nisipomwambia, kitabaki kwangu. Kwangu kichwani. Nitakufa nacho Kahororo hapa, na Shamsia atasema marehemu alikuwa akiguna guna sana alipokuwa anafua.

Wivu. Ni wivu tu, hakuna jina jingine. Mtu mzima, mwalimu, mpiga kinanda wa Bwana.

Ijumaa, 22 Novemba

Nipo Ijumbi. Nyumba imejaa. Turubai limesimama, sufuria za kuazima zimefika, wanawake wa jumuiya wako nyuma wanamenya ndizi na kusemana. Joackim amekwenda kuchukua viti parokiani. Amepunguza ndevu. Kila mtu anayeingia anaambiwa kesho atapiga nanga ya baba yake, na yeye anakana huku anacheka.

Alipoondoka niliingia chumbani kwa Mama nikaichukua. Nilitaka kujaribu Kurudi, mara moja tu. Nimejaribu kwa kuruka kama nirukavyo kanisani. Haiwezekani. Kule kwenye Kurudi hakuna nafasi ya kuruka, noti zinashikana mikono, ukiruka unazikata. Nikaacha nyuzi, nikaimba tu chini chini, vidole vinagonga ubao mtupu.

Sikujua Mama amesimama mlangoni na fimbo yake. Akasubiri nimalize. Halafu akakaa kitandani, akashusha pumzi.

"Umemwambia kaka yako kwamba kuna hiyo?"

Nikasema sitaki kumtia aibu, amejiandaa, watu wameshaalikwa, kumwambia leo kwamba hajafika hata nusu ni kumkatisha tamaa.

"Anatolia."

"Abee, Mama."

"Sema kweli."

Nikasema. "Sitaki kumpa."

Nilidhani atanigombeza. Alivua kiatu, akaukanda mguu wake mbaya. Halafu akasema kwamba Tata alikuwa mwanamume mzuri lakini alikuwa na mchezo mmoja mbaya, akimpenda mtu mmoja kwenye chumba alisahau kwamba kuna wengine. Akasema yeye tangu mwaka jana hajaisikia ile ya jioni. Alikuwa anasubiri kesho ataisikia.

Akavaa kiatu, akatoka kwenda kuwaambia wanawake wanamenya vibaya.

Jumamosi, 23 Novemba

Misa imekwisha, kaburi limebarikiwa, watu wamekula. Mvua imetuonea huruma. Naandika haya chumbani kwa Mama, nimekaa chini nyuma ya mlango. Nimesema naja kutafuta dawa ya kichwa. Kichwa hakiniumi.

Asubuhi nilitaka kumwambia. Naapa nilitaka. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amevaa kanzu nyeupe na koti la Tata — linambana mabegani, mikono yake imetokeza nje karibu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anafanya mazoezi ya vidole hewani. Aliponiona akaniuliza, "Dada, unadhani angecheka?" Nikasema hapana. Nikamrekebisha kola. Hilo ndilo nililoweza.

Sasa ameanza. Msemaji amempigia debe kuliko inavyotakiwa, watu wamenyamaza, naisikia nailoni ya Goziba kupitia ukutani. Anafunga mzigo. Anatoka. Vidole vimetulia, hakosei. Hakosei kabisa! Yule mzee wa ukoo anayelewa mapema ameanza kupiga vigelegele vya kiume. Joackim anaimba sasa, na sauti yake — Yesu Maria, ni sauti ya Tata. Mikono ya mama na sauti ya baba. Sikuwahi kumsikia akiimba peke yake. Nani aliwahi kumwomba?

Naandika kwa haraka, mwandiko umeharibika.

Anapita Muleba. Anapita daraja. Watoto wanacheza, nasikia miguu yao. Nimechungulia kwenye ufa wa mlango: amefumba macho, machozi yanamtoka na anacheka. Hapo mbele ni pale anapoliona ziwa. Ameliona. Amepiga uzi mnene mara ya mwisho, ameuacha ulie mpaka uishe.

Makofi! Vigelegele! Wanaume wamesimama, wanamshika mabega, mmoja amemnyanyua mkono juu, mkono mrefu ule. Padri anapiga makofi. Shangazi analia. Wote wanafikiri umekwisha. Joackim mwenyewe anafikiri umekwisha, anaanza kuifunga nanga kwenye kitenge.

Mama peke yake hapigi makofi. Amekaa kwenye kiti chake pale mbele, mikono mapajani, ametulia kama mtu anayesubiri kuongezewa chakula. Sasa amegeuka. Anautazama mlango huu.